Chura Asiyekufa na Mapigo ya Baba Yako

Riziki,

Leo mchana kutwa mimi nawe tumezungumza juu ya chumvi, juu ya blanketi, na kama sufuria ndogo itaingia kwenye begi au itabaki. Mambo mengine yote tumeyazunguka kama watu wanavyomzunguka ng'ombe aliyelala katikati ya njia. Nimekimbia nyumbani. Kule kumejaa majirani waliokuja kukuaga, kila mmoja na ushauri wake, mama yako anawapa wote chai, na mwenye nyumba hana hata pa kukalia. Niko shuleni, kwenye chumba cha kompyuta, naandika nyuma ya karatasi za mtihani wa zamani. Jua bado lipo, betri bado zina nguvu, na kwenye kioo mbele yangu yule chura wetu ananingoja nimwambie la kufanya. Nami nangoja mtu aniambie mimi.

Maagizo ya kila siku namwachia mama yako. Mimi nikianza kukuambia uvae nini huko Mbarara utacheka, maana ni mimi niliyekusindikiza kujiandikisha chuoni nikiwa na kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili, na wewe ukanyamaza njia nzima kwa heshima. Ninataka kusema juu ya lile uliloniambia Jumapili baada ya ibada, pale nyuma ya jiko.

"Papa, kama haurudi ku hospitali, miye siendi."

Nilikujibu kwa mzaha, kama kawaida yangu. Nilisema basi nitakwenda chuo badala yako, nawe ubaki hapa kufundisha chura. Hukucheka. Tangu siku hiyo ni chumvi na blanketi. Kesho asubuhi gari linaondoka Base Camp, katikati ya kambi yetu. Begi limefungwa, ila mwenye begi hajasema kama anakwenda.

Basi acha nijaribu kupanga kichwa changu kwenye karatasi. Nakuonya mapema: hakijapangika.

Nianzie Uvira, kwa sababu huko wewe ulikuwa mdogo mno kuona baba yako akiaibika kazini. Niliitwa Prof, kama anavyoitwa kila mwalimu wa sekondari kwetu, hata yule ambaye suruali yake imetoboka. Nilikuwa na vyura wa kweli. Wanafunzi waliwakamata kwenye matope ya mto Ruzizi wakawaleta ndani ya ndoo yenye kifuniko, na kila mwaka kifuniko kilifunguka. Mara moja chura mmoja alikutwa ofisini kwa prefe, mkuu wetu wa shule, ameketi juu ya mihuri. Prefe aliniita, akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Prof, huyu naye ameandikishwa?"

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Unachukua msuli wa mguu wa chura, unaufunga uzi, uzi unavuta kijiti, na kijiti kinachora kwenye karatasi iliyozungushiwa pipa dogo linalozunguka. Unaupa mshipa wa fahamu umeme kidogo, msuli unashtuka, kijiti kinachora kilima. Vizuri sana, kwenye kitabu. Pipa letu springi yake ilikufa kabla sijazaliwa. Mwanafunzi mmoja alilizungusha kwa mkono, wa pili alishika waya, wa tatu alitapika dirishani, na kilichotoka kwenye karatasi kilikuwa mikwaruzo kama maandishi ya mlevi. Nikafanya nini? Nikachukua chaki nikachora ubaoni kile kilima cha kwenye kitabu, kizuri, cha mviringo. Wakakinakili. Siku ya mtihani wote wakakichora, nikawapa alama zote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuchora kile alichokichora chura.

Nilikuwa sijalifikiria jambo hilo miaka yote, mpaka kompyuta zilipokuja hapa kambini Nakivale.

Unamkumbuka Metode siku ile ya kwanza. Mrundi wetu huyu anazilinda betri za sola kama mtu anayelea mtoto wa kwanza, na ndiye aliyenifundisha mimi, Prof mzima. Nilishika ile panya ya kompyuta nikainyanyua hewani, nikaielekeza kwenye kioo.

"Prof, iache mezani," alisema. "Hauko unafungua televizheni."

Nikamwona chura. Amechorwa vizuri, ngozi inang'aa. Pembeni kuna waya, kuna kipimo cha umeme, kuna karatasi inayojichora yenyewe, na springi haihitajiki. Nikampa umeme mwingi, kwa sababu sikujua kipimo kinasogezwaje, na kwa umeme ule chura wa Uvira angekuwa kitoweo. Nikabonyeza kitufe cha kuanza upya, akarudi mzima, hana kinyongo. Metode ni Mkatoliki wa kweli. Alifanya ishara ya msalaba.

"Prof, na sisi watatufanyia hivyo?"

"Siku ya mwisho."

"Basi nangoja. Lakini uyo atakayebonyeza asikuwe weye."

Nikacheka, halafu nikaendelea kusogeza kipimo, na hapo likanipata jambo ambalo sikukusimulia kwa sababu ya haya. Ukiupa msuli mishtuko inayofuatana haraka haraka, vile vilima vidogo vinapandana, kimoja juu ya kingine, mpaka vinakuwa mstari mmoja ulionyooka juu: msuli umekaza, haulegei. Mstari ule nilikuwa nimeuchora ubaoni miaka na miaka, kama mtu anayechora ramani ya mji asioufikia. Nilijua jina lake kwa Kifaransa na nililitamka kwa kishindo. Siku ile, na mvi zangu, niliona unavyotokea. Nilisogeza mbele, nikasogeza nyuma, nikasogeza tena, mpaka Metode akaanza kukohoa kwa ajili ya betri. Kwa hiyo, Riziki, nisije nikasema kompyuta ni mchezo. Chura asiyekufa alinifundisha kitu ambacho vyura wengi waliokufa mikononi mwangu hawakuweza. Mungu anisamehe mimi, na awasamehe wale walioshika ile ndoo.

Lakini nilikuwa na wasiwasi. Niliona mmekaa mbele ya kioo kama watu mbele ya dirisha la ofisi, mnangoja jibu litoke. Ndiyo maana niliwapa ile kazi ya mapigo ya moyo. Fungueni sehemu ya moyo kwenye kompyuta, niliwaambia, muone mtu aliyetulia mapigo yake ni mangapi, na mtu aliyepanda mlima ni mangapi. Halafu nendeni nyumbani, mshike mkono wa mtu mzima, mhesabu akiwa amekaa, mhesabu tena akitoka kuteka maji na jerikani. Mlete mlichokipata.

Mkaleta. Darasa lote, isipokuwa mtu mmoja, hesabu zilikuwa zilezile za kompyuta. Nilirudi nyumbani naimba. Nilimwambia mama yako sijawahi kupata wanafunzi hodari namna hii.

"Darasa lote?" aliuliza. "Hata Janvier, mwenye bibi ya pumu?"

"Hata Janvier."

"Bibi yule akipanda na jerikani anapumua kama baiskeli imetoboka. Kama mapigo yake ni ya kitabu, muite pasta, ni muujiza."

Kesho yake nilimwita Janvier, wewe ulikuwepo. Nilimuuliza kama alihesabu kweli.

"Nilihesabu, Prof. Ilitoka ingine."

"Mbona hukuiandika?"

Akaniangalia kama ananionea huruma. "Ile ya kompyuta ilikuwa imeisha kujulikana. Prof, huku ukisema leo hivi, kesho vile, banafunga dosie yako ya ukimbizi. Weye mwenyewe unajua."

Nikageuka kufuta ubao, na ubao haukuwa na kitu.

Kwa sababu nilijua. Huenda umesahau, ulikuwa mdogo: kabla ya mahojiano yetu ya kwanza na maofisa wa wakimbizi tulifanya mazoezi ndani ya turubai. Mimi nilijifanya ofisa. Nilitunisha shavu, nikauliza, tulitoka lini, tulipita wapi, nani alikuwa mbele. Hatukuwa na uongo wowote, lakini kila mtu alikuwa na ukweli wake. Mama yako alikumbuka alfajiri, mimi nilikumbuka giza. Wewe ulikumbuka mbuzi tu, mbuzi mweupe aliyetufuata mpaka mtoni. Nilikuambia, mbuzi usimtaje. Ukaniuliza, alikufa? Nikasema hakuwepo. Ukatingisha kichwa, kwa sababu ulikuwa mtoto mwema na mimi nilikuwa ofisa. Siku ya mahojiano tulijibu wote kwa sauti moja, na nilijivuna. Mpaka leo sijui kama nilikosea. Pengine tulipokelewa kwa sababu hiyo. Pengine tungepokelewa hata na mbuzi. Hakuna kitufe cha kuanza upya ili tujaribu na mbuzi tuone.

Sasa huyo mmoja ambaye hesabu yake ilikuwa tofauti. Aliandika hivi, nakumbuka maneno: "Papa, amekaa. Mapigo yanakwenda, yanaruka, yanakwenda, yanakimbia kidogo, yananyamaza, yanaanza tena. Haiwezekani kuhesabu vizuri." Na mimi nilifanya nini, mimi mwenye kulia kwamba watoto wanaandika jibu la mashine? Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: Rudia.

Ukarudia. Ulikaa kando yangu kwenye kile kiti kifupi, ukashika kifundo cha mkono wangu, ukafumba macho. Nikakuambia vidole vyako vina baridi ndiyo maana. Ukavipuliza, ukashika tena. Nikakuambia labda unasikia mapigo ya vidole vyako mwenyewe, hilo huwapata wanaoanza. Nikakuonyesha moyo wa kwenye kompyuta: tazama, tu, tu, tu, kama saa. Na wewe ukasema lile neno ambalo Metode alilisambaza shule nzima:

"Papa, miye sihesabu mubaya. Ni weye unapiga mubaya."

Metode alikuwa wa kwanza kutaka kuhakikisha. "Lete mkono, Prof." Akashika, akainamisha kichwa kama anasikiliza habari za redio. "Mama we. Iyi ngoma, mwenye kuipiga hakufundishwa kwetu." Tukacheka sisi wawili mpaka machozi. Ulikuwa umesimama pale, na nilikuona hucheki, na nilizidi kucheka kwa sababu hiyohiyo. Hilo ni jambo moja ninalotaka ulijue juu ya baba yako: nikicheka sana, nishike mkono.

Kliniki ya Base Camp walisikiliza wakasema hawana kile chombo cha nyaya, niende Mbarara. Ndipo tukapanga siku moja kwa mambo mawili, hospitali asubuhi na usajili wako mchana. Yule musawo, daktari wa hospitali, kijana wa Kinyankole mwenye haraka na moyo mzuri, alinilaza akanibandika nyaya kifuani.

"Mzee, lala tu. Usiogope, hii haina stima ya kukupiga."

Karatasi ikatoka. Meno yamepangana sawasawa kama ya msumeno mpya. Akaitazama, akanipiga bega. "Moyo yako iko sawa kabisa, ssebo. Moyo ya kijana."

Na wewe, sijui ujasiri ule uliutoa wapi, ukamwambia ashike mkono wangu. Akashika. "Nyabo, iko sawa," alikujibu. Alipoona hujatosheka akakuuliza ulisikia nini, nawe ukamweleza, polepole, jinsi yanavyoruka na yanavyonyamaza. Akaacha kuandika. "Inaweza kuwa inakuja, inapotea," alisema. "Hapa imepotea. Kuna mashini ndogo, anavaa siku mzima na usiku, inaandika yote. Mumurudishe asubuhi, siku yoyote ya kazi." Halafu akauliza, "Wewe umesomea wapi hii?"

"Nakivale," ulisema. "Kwa kompyuta, na kwa Papa."

Nilipaswa kujivuna mpaka vifungo vya shati vikatike. Badala yake, tulipofika nje, nilikupepea ile karatasi usoni nikasema, "Umeona?" Kama mtu aliyeshinda karata. Nilisema hivyo kwa mtoto wangu aliyekuwa ananililia, nikafurahi kwamba amekosea. Sura uliyoifanya sina kitufe cha kuifuta.

Kisha chuo. Nilikuwa nimekuandaa, si unakumbuka? Njia nzima nilikuambia samahani, kule utakuta vyura wa kweli, wenzako watakuwa wameshika visu tangu zamani, na wewe umelelewa na chura wa mwanga. Yule mwalimu wa kike akatutembeza, akafungua mlango kwa fahari, na ndani kulikuwa na kompyuta zimepangwa, na kwenye vioo, mama yangu, alikuwa yuleyule. Rangi mpya kidogo, lakini yuleyule, anangoja umeme.

"Vyura hatuui tena, mzee," alisema. "Wanaanza hapa, wanarudia mpaka waelewe, halafu wanakwenda wodini kugusa watu."

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kumbe kile nilichodhani ni cha wakimbizi, cha kukosa, ndicho wanachotumia watu wenye milango yenye vitasa. Sikujua nifurahi au nidai wanirudishie aibu yangu ya miaka yote. Na tena nikachanganyikiwa upya: wenzako wataanza na kioo wamalizie na mkono, na wewe umekwisha shika mkono. Umeanzia mwisho, au mimi ndiye nimekuanzisha kinyume?

Hapo ndipo kichwa kinaponiuma, Riziki. Nikisema mashine inadanganya, nakumbuka nilivyodanganya mimi kwa chaki kabla mashine haijaja. Kabla ya kompyuta, kompyuta nilikuwa mimi. Nikisema basi mkono ndio wa kweli, nakumbuka ile mikwaruzo ya Uvira. Ilikuwa ya kweli, na haikumfundisha mtu chochote. Halafu linanijia hili: usingekaa siku nyingi mbele ya ule moyo wa kompyuta unaopiga tu, tu, tu, bila kukosea hata mara moja, ungejuaje kwamba wangu unakosea? Mama yako amelala kando yangu tangu ujana wetu na anasema alidhani mioyo yote ya wanaume inapiga hivyo. Ule moyo wa uongo ndio uliokuonyesha wa kweli. Nimeliandika, nimelisoma tena, na bado sijui nilielewe vipi. Wewe ukilielewa huko, nieleze, lakini kwa Kiswahili cha pole pole.

Na kuna hili ambalo hujui. Siku ile tukirudi, gari liliposimama Kaberebere ukateremka kunitafutia gonja, ndizi ya kuchoma. Ulikuwa unamwambia yule mama aigeuze vizuri upande wa pili. Moyo ukaruka. Ukaruka tena, ukakimbia, ukanyamaza mpaka nikashika kiti cha mbele. Ulipanda unacheka, gonja inakuunguza vidole, ukataka kunipa mkononi. Nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni. Nilikuambia niwekee kwenye paja.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka uende. Hicho ndicho nilichojiambia. Nikikaa hapa peke yangu naona sababu zimepangana nyuma ya hiyo kama wanawake kwenye bomba la maji, na kila moja inasema ndiyo ya kwanza. Naogopa nikivaa ile mashini ndogo itasema niko sawa, na itabidi nichague kati ya karatasi na wewe, na najijua, mimi ni mtu wa kuchora kilima cha kitabu. Naogopa pia itasema siko sawa, nawe utarudi kunilinda, utauza samaki wa ndagala na mama yako Base Camp na kunishika mkono kila jioni, na kijana mwingine atakaa kwenye kiti chako huko chuoni. Mojawapo ni lazima itokee. Nimeona afadhali nisiende, ili zote mbili zisitokee. Unaona baba yako alivyo mwanasayansi.

Metode ameingia sasa hivi. Amezima kompyuta zote isipokuwa hii, amesimama nyuma yangu anasoma juu ya bega, kama desturi yake.

"Barua ya nani?"

"Ya Riziki."

"Riziki huyu wa hapo nyumbani? Sha, si umwambie kwa mdomo."

"Kwa mdomo nafanya mzaha."

Akasema, "Ni kweli," haraka kuliko nilivyopenda. Halafu akaongeza, akikunja waya, "Prof, yule mtoto aliandika alichokisikia. Weye ukamuandikia arudie. Akarudia ileile. Sasa nani anarudishwa darasa?" Akachomoa waya, chura akaondoka, nikafukuzwa.

Namalizia nyumbani, mlangoni, mwanga wa jua ukiwa unaishia. Majirani wamekwenda. Wewe umekwenda kumuaga bibi yake Janvier, na mama yako anachekecha unga wa muhogo utakaoupeleka Nyamityobora, kule Mbarara, kwa shangazi yako. Nimemwambia kesho nakwenda pamoja nawe.

"Kumusindikiza?"

"Hapana. Kurudi hospitali. Nitavaa ile mashini."

Hakuacha kuchekecha. Nilidhani atalia, au atamshukuru Mungu kwa sauti, nikawa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Utalala wapi?"

"Kwa dada yangu, palepale."

"Basi unga utaubeba weye," alisema. "Mutoto ana begi."

Kwa hiyo imekwisha amuliwa, na mzigo wangu umeongezwa. Gari likifika mjini wewe utateremkia chuoni na mimi nitaendelea. Usije hospitali kunikalia. Darasa lako la kwanza ni asubuhi, na sipendi uanze kwa kukosa kwa sababu ya mzee mmoja aliyefungwa nyaya. Ukitaka kunitafuta, nitafute jioni kwa shangazi yako. Nitakuwa yule mwenye kisanduku kiunoni, anayeambiwa na kila mtu asioge.

Sikuambii niko mzima. Ningekuambia hivyo ingekuwa kukuomba uandike jibu la kompyuta, na ulishakataa mara mbili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sikuambii pia ninaumwa, maana sijui, na wewe hujui, na musawo hajui. Tunakwenda wote watatu tukiwa hatujui. Wakiitoa ile karatasi nitakusomea kilichoandikwa, na nitakuambia nilichosikia mimi mwenyewe kifuani siku hiyo na usiku wake, hata kama haviafikiani. Wewe viandike vyote viwili, kimoja chini ya kingine, usisahihishe kitu. Na hata karatasi ikisemaje, ubaki chuoni. Hilo ndilo peke yake ninalokuomba kama baba. Mengine yote nimeyasema kama mtu aliyepotea njia anayemuuliza mwenzake.

Nakusikia unakuja, unamjibu mtu kule barabarani. Nimejishika mkono wa kushoto kwa vidole vya kulia, kama ulivyonionyesha, si kwa kidole gumba, nausikiliza moyo. Unakwenda. Unakwenda. Umeruka. Unakwenda.

Papa yako,
nitakayekaa nawe kiti kimoja kesho